Lekteri ya video ya kubeba mu safari: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa feza

Asubuhi mu Katuba, bisi za kwenda mujini zinajaa mapema. Mtu anapata kiti, anatoa telefone, anaanza kuangalia filme ao mechi ya jana. Jioni wakati wa kurudi, telefone ile ile imezima. Na mule ndani njo kuko namba za jamaa, feza ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na taa ya kumulika njia kama umeme haiko mtaani. Filme moja ya asubuhi inaweza kumuacha mama bila njia ya kulipa bisi usiku, ao mtoto bila njia ya kuita nyumbani.

Kwa hiyo wakaaji wengi wanajiuliza: je, inafaa kununua mashine nyingine, lekteri ndogo ya video, juu ya safari peke yake? Na kama inafaa, ni ipi?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: mashine nzuri kwetu si ile yenye kioo kikubwa. Ni ile ambayo batri yake inamaliza safari, inayosoma filme ulizo nazo, na ambayo fundi wa mtaa anaweza kuifungua. Ukikosa jambo moja kati ya haya matatu, umenunua sanduku la kuweka juu ya meza. Tuangalie moja moja.

Safari yako ni ya saa ngapi?

Mbele ya kuuliza bei, hesabu saa zako. Mtu wa Katuba anayepita kila siku kwa Kenya kwenda mujini hana safari ndefu, lakini anakaa mu msongamano, mara nyingi amebanwa katikati ya watu wawili. Huyu hawezi kufungua kitu kikubwa. Anahitaji kitu cha kushika kwa mkono mmoja na kuingiza mu mfuko haraka.

Anayeenda Likasi, karibu kilomita 120, ao Kolwezi, kilomita karibu 300, ana saa nyingi za kukaa. Dereva wa lori wa Kasumbalesa, yeye barabara yake haifiki kilomita 100, lakini anaweza kulala mu foleni ya mpaka. Na anayepanda treni ya SNCC kwenda Kamina ao Kananga, huyo hahesabu saa, anahesabu siku. Ni vile vile kwa ndugu zetu wanaopanda mashua mu ziwa Tanganyika ao mu ziwa Kivu: huko ndani plagi ya umeme si ya kutegemea.

Andika hesabu hiyo pembeni. Ndiyo itakayoamua batri, na batri ndiyo inayoamua mambo mengine yote.

Mashine za aina nne

Ya kwanza ni telefone uliyo nayo. Haiombi feza nyingine, inasoma karibu kila aina ya filme kama umeweka programu nzuri. Programu ya VLC, iliyoanza mikononi mwa wanafunzi wa École Centrale Paris, ni ya bure, haina matangazo, na inafungua mafaili ambayo programu nyingine zinakataa. Ubaya wa telefone tumeshausema: ikizima, umepoteza mengi kuliko filme.

Ya pili ni lekteri ya mfukoni, ile wauzaji wanaita MP4 ao MP5. Kioo chake ni kidogo, haina laini ya simu, bei yake iko chini. Ujue kwamba MP4 ni jina la kweli la aina ya faili, lakini MP5 ni jina la biashara tu. Hakuna kanuni ya kimataifa inayoitwa MP5. Muzaji akikuambia "hii ni MP5, inapita MP4", usiongeze feza juu ya namba hiyo.

Ya tatu ni lekteri ya DVD ya kubeba, yenye kifuniko kinachofunguka na kioo kinachozunguka. Wazazi wanaipenda kwa safari ya familia, sababu kioo kinaonekana na watu watatu ao wane, na nyingi ziko na matundu mawili ya ekuteri. Lakini ina moteri ya kuzungusha diski na taa ya kusoma. Vyote viwili vinakula batri. Nyingi hazipiti saa mbili ao tatu hata zikiwa mpya. Tena mu barabara ya mashimo diski inarukaruka.

Ya nne ni tablete. Kioo chake kinatosha watoto wawili, batri yake ni kubwa, inatumia VLC sawa telefone. Lakini ni nzito mkononi, inavutia macho ya wezi, na kioo chake kikipasuka kinaweza kuomba feza karibu na bei ya tablete yenyewe.

Kwa nini zile za jina kubwa hazionekani tena mpya

Zamani kampuni kubwa zilishindana mu biashara hii. Panasonic ilitoa lekteri ya kwanza ya DVD ya kubeba mu mwaka 1998. Kampuni ya Ufaransa, Archos, ilitoa mashine yake ya video ya mfukoni mu 2002. Mu Oktoba 2005 Apple ikatoa iPod yenye kuonyesha video, kioo cha inchi 2.5. Kisha telefone zikachukua kazi hiyo yote, na mu 2022 Apple ikatangaza mwisho wa iPod ya mwisho.

Hii inatugusa sisi wanunuzi. Mashine za majina hayo zinazopatikana leo sokoni nyingi ni za okazioni. Batri iliyokaa ndani miaka kumi imechoka hata kama sanduku linang'aa. Na zile mpya nyingi hazina jina la kampuni unayoweza kufuata. Kwa hiyo usinunue jina. Nunua kile ulichojaribu kwa macho yako.

Batri: fanya hesabu hii

Juu ya batri kunaandikwa mAh na V. Zidisha namba hizo mbili, gawanya kwa 1000, utapata Wh, yaani nguvu ya kweli iliyo ndani. Batri ya telefone ya mAh 5000 na V 3.85 iko na Wh 19 hivi. Pawa banki ya mAh 10 000 na V 3.7 iko na Wh 37.

Lakini pawa banki haitoi yote, sehemu inapotea kama joto wakati wa kupitisha. Hesabu robo imepotea. Kwa hiyo pawa banki hiyo itajaza telefone yako mara moja na nusu, si mara mbili. Kwa safari ya treni, hesabu hii ni bora kufanywa nyumbani kuliko kugundua ukweli mbele ya kufika Kamina.

Mambo matatu mengine ya batri:

Moja, tafuta mashine inayoshaji kwa waya wa USB, ule ule wa telefone. Pawa banki, pano ndogo ya jua, kibanda cha kushaji cha mtaani, vyote vinaifaa. Lekteri nyingi za DVD ziko na plagi ya duara ya V 9 ao V 12. Pawa banki ya kawaida ya V 5 haiwezi kuzijaza, na waya ule ukipotea utazunguka soko zima.

Mbili, madereva wa lori wasikilize vizuri. Motokari ndogo inatoa V 12, lakini lori kubwa nyingi zinatoa V 24. Ukichomeka mu lori waya wa lekteri ulioandikwa "12V" tu, unaweza kuunguza mashine mara moja. Tafuta ulioandikwa "12–24V".

Tatu, umeme wa SNEL ni wa V 220, lakini mu mitaa yetu unakatika na kurudi kwa nguvu. Angalia juu ya sharjere paandikwe "100–240V". Ile ya 110 peke yake, iliyotoka Amerika ao Japani, itaungua. Na umeme ukikatika, toa plagi. Subiri urudi na utulie dakika chache ndipo urudishe. Mu nyumba nyingi, mtu wa kwanza kusema "kuran imerudi!" njo anachomeka vyote kwa pamoja, na njo hapo mashine zinakufa.

Batri ikivimba, acha kuitumia. Usiitoboe, usiikandamize irudi mu nafasi yake: inaweza kuwaka moto. Usishaji chini ya mto ao juu ya godoro. Kobalti inayowekwa mu batri nyingi za duniani inatoka huku kwetu, Kolwezi na kandokando. Inasafiri mbali, inarudi ndani ya mashine. Tusiiache ituchomee nyumba.

Kadi ya memori: hapa njo watu wanaibiwa

Filme ya dakika 90, iliyobanwa kwa kioo kidogo, inachukua MB 700 hivi. Kadi ya GB 32 inabeba filme karibu 40 za namna hiyo. Diski moja ya kawaida ya DVD inabeba GB 4.7 peke yake. Kwa hiyo kadi yenye ukubwa wa ukucha inakuachisha kubeba mfuko wa diski.

Lakini kadi za uongo ni nyingi. Imeandikwa GB 512, ukiingiza mu telefone inaonyesha 512 kweli, kumbe ndani kuko GB 8 tu. Wameigeuza ionyeshe namba ya uongo. Filme za kwanza zinafunguka vizuri, zile za mwisho hazifunguki, na picha za familia ulizoweka zimepotea bila kurudi. Dawa ni moja: jaza kadi mpaka mwisho, kisha fungua faili la mwisho. Kama halifunguki, rudisha kadi siku ile ile. Na kama kadi kubwa inauzwa kwa bei ya soda, jibu unalo.

Usiogope kadi ya GB 32 ikionyesha 29 na kitu. Hiyo si wizi, ni namna mbili tofauti za kuhesabu.

Jambo lingine: lekteri nyingi za bei ndogo zinasoma kadi mpaka GB 32 tu. Kuanzia GB 64, kadi zinapangwa kwa namna mpya inayoitwa exFAT, na mashine za zamani haziielewi. Uliza "inakamata kadi ya ngapi?", kisha omba uone. Tena zile zinazotumia mpango wa zamani wa FAT32 hazipokei faili moja inayofika GB 4. Filme ndefu ya picha safi sana itakataa kuingia hata kama nafasi iko.

Filme iko, lakini haifunguki

Hii inatokea sana. Jina la faili linaisha na .mp4, mashine imeandikwa MP4, lakini kioo kinabaki cheusi ama sauti inatoka bila picha. Sababu ni kwamba .mp4 ni mfuko tu. Ndani ya mfuko, picha inaweza kubanwa kwa namna mbalimbali. Ile ya H.264, ya mwaka 2003, inasomwa na mashine nyingi. Ile ya H.265, ya mwaka 2013, inapunguza uzito wa faili, lakini lekteri ndogo nyingi haziijui. Telefone ya siku hizi inaifungua, lekteri ya mfukoni inakataa.

Unapoenda kwa kijana anayeweka filme mu kadi, mwambie: "Kaka, uniwekee za H.264, kioo kidogo." Atakuelewa. Na kama unataka michezo ya kuigiza ya Kiswahili chetu, sawa ile ya Mufwankolo na kundi lake, hakikisha mashine inasoma pia AVI. Video nyingi za zamani zilibanwa hivyo.

Diski na zone

Ukichagua lekteri ya DVD, angalia namba ya zone chini yake. Dunia iligawanywa: sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na Kongo, Zambia na Tanzania, iko zone 5. Ulaya iko zone 2, na Afrika ya Kusini pia iko zone 2. Kwa hiyo lekteri ambayo shemeji alituma kutoka Bruxelles, ao ile mfanyabiashara alileta kutoka Johannesburg, inaweza kukataa diski halisi ya zone 5. Diski zisizo na zone zinafunguka popote. Bora ni lekteri ya zone zote, yenye pia tundu la USB ao la kadi. Siku diski itakapoharibika, mashine itaendelea kufanya kazi.

Sauti na masikio

Mu bisi, moteri inapiga kelele, mtu anapandisha sauti mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma bila hatari kubwa, lakini ikifika 90, ni saa 4 tu kwa juma. Shirika hilo linashauri kutopita asilimia 60 ya nguvu ya mashine. Ekuteri zinazoziba sikio vizuri zinasaidia, sababu kelele ya nje inapungua na huna haja ya kupandisha.

Ukiwa bila ekuteri, usilazimishe bisi nzima isikilize filme yako. Kuko baba anayerudi kutoka kilio, kuko mama mwenye mtoto mgonjwa.

Majaribio ya dakika kumi mbele ya muzaji

Nenda mchana, na uende na kadi yako mwenyewe yenye filme tatu: moja ya MP4, moja ya AVI, moja ndefu. Kisha:

1. Washa bila waya. Kama muzaji anakataa kutoa waya, batri imekufa.
2. Fungua filme zote tatu, na uruke katikati ya kila moja. Angalia kama sauti na midomo vinaenda pamoja.
3. Toka nayo kwenye jua. Kioo kinachoonekana vizuri ndani ya duka kinaweza kuwa cheusi mu dirisha la bisi.
4. Chomeka ekuteri, zungusha waya kidogo. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limechoka.
5. Angalia asilimia ya batri wakati wa kuanza na baada ya dakika kumi. Ikishuka 5, hesabu saa tatu na kitu. Ikishuka 15, ni saa moja tu. Kama mashine haionyeshi asilimia, iombe ibaki ikicheza wakati unazunguka soko.
6. Muulize fundi wa mtaa wako, si muzaji: "Hii, batri yake inapatikana?"

Omba fakture yenye tarehe na namba ya mashine. Itakusaidia kama inaharibika, na pia kama unaulizwa mu mpaka wa Kasumbalesa umeipata wapi.

Njiani

Kwenye kiti cha dirisha, usishike mashine karibu na nje wakati bisi imesimama: mkono wa mwizi uko haraka. Nyuma ya manseba, usiangalie video kabisa. Unahitaji mikono yako, na macho yako yanasaidia ya dereva. Na kama dereva wa bisi ameweka video mbele yake mwenyewe, abiria wamuombe aizime. Hiyo si kumkosea heshima. Ni maisha ya watu wote walio ndani.

Kwa wanaopanda ndege Luano ao kwingine: pawa banki na batri za akiba zinawekwa mu mfuko wa mkononi, haziwekwi mu valizi inayoenda chini. Kanuni ya kimataifa inaruhusu mpaka Wh 100 bila kuomba ruhusa. Pawa banki ya mAh 20 000 iko na Wh 74, basi inapita. Lakini ile isiyoandikwa namba inaweza kukamatwa, na kampuni ya ndege inaweza kuweka kanuni kali zaidi.

Basi, nani achukue nini?

Mtu wa kila siku kati ya Katuba na mujini: baki na telefone yako, ongeza kadi nzuri na pawa banki ya mAh 10 000. Ukiweza, nunua lekteri ya mfukoni ya bei ndogo ili telefone ibaki kwa kuita na kwa feza. Dereva wa Kasumbalesa: tablete ya okazioni iliyojaribiwa, na waya wa 12–24V. Familia ya Likasi ao Kolwezi: tablete, ao lekteri ya DVD yenye USB. Msafiri wa treni ao mashua: lekteri ya mfukoni inayoshaji kwa USB, pawa banki mbili ndogo kuliko moja kubwa, na pano ya jua kama safari inapita siku mbili.

Na mtu asiye na feza ya ziada mwezi huu asijione amebaki nyuma. Kadi moja ya kweli na programu ya bure mu telefone ya zamani isiyo na laini, ile inayolala mu droo na kioo chake kimepasuka kidogo, tayari ni lekteri ya video. Peleka kwa fundi aweke batri mpya, na ile ya feza iache ipumzike mu mfuko.